Shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 30: wito wa harambee ya paa la ukumbi wetu, Kayole

Bwana asifiwe, ndugu na dada. Salamu pia kwenu majirani ambao hamsali nasi lakini watoto wenu husomea kwetu jioni.

Kila Jumatano, saa 11 alfajiri, ufunguo wa ukumbi wetu huzunguka katika kufuli. Anayefungua ni mama anayeuza mitumba Gikomba. Huwasha gesi, hubandika sufuria ya chai, kisha hupanga mabenchi kwa kufuata madoa ya maji sakafuni, maana anajua ni wapi panapovuja mvua ikija na upepo na ni wapi panapovuja hata kwa manyunyu. Kufikia saa 11 na nusu watu ishirini hivi wameshafika, huyu na buti za mjengo, yule na sare ya ulinzi akitoka zamu ya usiku. Tunaimba wimbo mmoja, tunasoma zaburi moja, tunaombeana kwa majina, tunakunywa chai tukiwa tumesimama. Saa 12 kasorobo mama yule yuko stejini anangoja matatu ya Jogoo Road.

Hizo dakika arobaini na tano ndizo tunazochangishia. Wengi wakisikia harambee ya paa hudhani ni paa la kanisa. Jengo la ibada ni zima, tunamshukuru Mungu. Linaloanguka ni paa la ukumbi ulio nyuma yake, na humo ndimo kanisa linamoishi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumatatu jioni kwaya hufanya mazoezi. Jumanne kuna darasa la kusoma na kuandika kwa watu wazima, na Alhamisi chama cha akina mama. Siku zote za shule, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, meza tisa hujaa wanafunzi ambao nyumbani wana chumba kimoja, taa moja na wadogo zao wanne. Jumamosi ni usafi, na hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Mchungaji naye hushika fagio.

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi, na sitaandika kama mtu wa nje. Mitihani ya uhasibu niliifanya mara mbili nikaanguka mara mbili, nikisoma peke yangu kitandani baada ya kazi. Nia nilikuwa nayo tele. Nilichokosa ni mtu wa kuniuliza, "Jana ulikuwa wapi?" Dada mmoja wa kwaya akaniambia nilete vitabu ukumbini nikae meza ya mwisho, karibu na watoto wa kidato cha nne. Nikakaa pale jioni nne kila wiki kwa miezi saba. Siku nilizochoka nilikwenda hivyo hivyo, kwa sababu kulikuwa na kijana aliyeniwekea kiti na angeniuliza. Mara ya tatu nilipita. Kijana yule naye alifanya mtihani wake mwaka huo huo, na leo anasomea ufundi wa stima.

Tuna daftari moja la bluu, la kurasa 200, ambalo ningependa kila anayetuchangia alione. Jina la kila anayehudhuria maombi ya Jumatano limo, na kila wiki huwekewa alama ya kalamu. Mtu akikosa Jumatano mbili mfululizo bila taarifa, wawili wetu hutumwa kumbishia hodi. Hawaendi kumlaumu. Huenda na pakiti ya unga au na maneno ya salamu tu. Mwaka juzi jina la bibi mmoja anayeishi peke yake, mwenye sauti nyembamba ya kwaya ya zamani, lilikaa wiki mbili bila alama. Alhamisi jioni mama wawili wakaenda. Wakagonga, kimya, lakini redio ilikuwa inasikika ndani. Wakamwita mwenye plot akafungua. Walimkuta amelala sakafuni kando ya ndoo, hana nguvu ya kuinua mkono, midomo imekauka. Alibebwa na bodaboda katikati ya watu wawili hadi hospitali. Alilazwa siku kumi na moja. Sasa amerudi kwenye benchi lake la tatu, na ndiye anayelalamika chai ikikosa tangawizi. Mstari ule mtupu katika daftari ndio uliomwokoa, na daftari hilo huwekwa juu ya meza iliyo chini ya paa tunaloliombea.

Kuna baba wa watoto watatu, fundi wa viatu, aliyekuwa mtu wa pombe. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Yeye hahesabu siku alizoacha. Anahesabu Jumatano. Aliwahi kuniambia kwamba siku ni nyingi mno na kila moja ina kona yake ya hatari, lakini Jumatano mtu anaiona inakuja, anaweza kujikaza hadi hapo. Akifika alfajiri husema namba tu, "arobaini na tatu", nasi tunajibu "amina". Juzi alisema sitini na moja.

Wapo watakaouliza kama mambo haya hayawezi kufanywa majumbani, au kwa simu. Tulilazimika kujaribu. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa kwa sababu ya korona, na ziliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ibada iliwekewa mipaka ya watu 100 na saa moja, huku walio chini ya miaka 13 na waliozidi miaka 58 wakiambiwa wabaki nyumbani. Tulitii, na sababu tulizielewa. Tulituma mahubiri kwa simu, tulipigiana, tulipelekeana chakula. Lakini kwaya iliyokuwa na sauti thelathini na moja ilirudi na kumi na mbili. Darasa la Jumanne lilikufa kabisa, na mama mmoja wa miaka sitini na nne, aliyekuwa amefika mahali pa kusoma Zaburi ya 23 kwa kidole, alipoteza herufi zake karibu zote. Hakuna aliyemkosea Mungu. Mazoea yalikatika tu, na kuyaunga upya kulituchukua karibu miaka miwili. Mama huyo alianza tena kwenye a, e, i, o, u. Sasa amepita Zaburi ya 23 na anasoma ya 121.

Ndiyo maana tunaogopa kuufunga ukumbi hata kwa msimu mmoja.

Paa lenyewe liko hivi. Mabati ni yale ya kwanza, membamba, na kutu imeyala kuanzia kwenye misumari. Bandu bandu huisha gogo, na kutu imefanya kazi yake kwa uaminifu huo huo. Masika ya mwaka 2024, yale ya mafuriko, wakati kufunguliwa kwa shule kulipocheleweshwa hadi Mei 13, wanafunzi walikuja kwetu mchana kutwa na maji yakaja nao. Tuliweka makarai saba. Boriti mbili za upande wa choo zilinyonya maji mpaka zikapinda, na fundi aliyepanda kuzikagua alishuka akiwa na kipande cha mbao mkononi, akakivunja kwa vidole viwili mbele ya kamati nzima. Tangu siku hiyo upande huo wa ukumbi umefungwa kwa kamba, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukaa hapo. Meza zilikuwa kumi na nne. Sasa ni hizo tisa nilizozitaja. Wanafunzi watano watano wanagawana meza moja, na wengine wanafika mlangoni kwetu na kurudi nyumbani kwa kukosa nafasi, jambo linalotuuma sana.

Tumepata makadirio ya mafundi watatu tofauti na kuchagua la katikati. Jumla ni shilingi 900,000. Mabati ya kutosha na misumari yake ni 340,000, mbao na boriti 210,000, malipo ya mafundi na vibarua 180,000. Mifereji ya paa pamoja na tenki ni 95,000, na hili tulibishana nalo sana kwenye kamati kabla ya kukubaliana. Wanaoishi Kayole wanajua mabomba ya maji yanavyokaa siku kadhaa bila hata tone, na haingii akilini kuezeka paa jipya kisha kuyaacha maji ya mvua yakimbie barabarani. Shilingi 75,000 zinazobaki ni za nyaya mpya na taa, maana za sasa zimelowa mara nyingi na hatuna amani nazo watoto wakiwa chini yake.

Washirika wenyewe tumeshatoa 300,000. Zimetoka kwa bahasha za kila Jumapili, nyingi zikiwa na shilingi hamsini, na nyingine na sarafu zilizofungwa kwa karatasi ya daftari. Hizo zitaanza kazi mara moja kwenye upande uliofungwa kwa kamba, ili masika yajayo yasitumalizie boriti zilizobaki. Zinazohitajika ni 600,000.

Hapa ndipo tunapoomba kwa namna ambayo pengine hamjaizoea. Harambee nyingi tulizozijua ni za siku moja: hema, vipaza sauti, mgeni rasmi anayekuja na rafiki zake, na bahasha inayotangazwa huku watu wakipiga makofi. Neno lenyewe limo kwenye nembo ya taifa letu, na baada ya uhuru wa 1963 wazazi wengi walijenga shule za harambee kwa kubeba mawe, kukata miti na kutoa kidogo kidogo msimu hadi msimu. Makofi yalikuja baadaye. Nairobi hii tunayapita majengo mengi ya makanisa yaliyofika linta yakakoma hapo, nyasi zikamea ndani, kwa sababu yalitegemea siku moja kubwa na mtu mmoja mkubwa. Kamati yetu imeamua kwa kauli moja kwamba hatutamwalika mgeni rasmi wala mwanasiasa wa upande wowote, na kiasi cha mtu hakitatangazwa.

Tunatafuta watu 200. Kila mmoja atoe shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 30, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Machi. Mia mbili mara mia moja mara thelathini ni 600,000. Tukianza Machi tutamaliza mwishoni mwa Septemba, kabla mvua za vuli hazijaingia Oktoba. Anayeweza kulipa zote 3,000 kwa mkupuo tutampokea kwa shukrani, na kwa walio ughaibuni huenda ndiyo njia rahisi. Lakini tukisema kweli, tunawapenda zaidi wale 100 kwa wiki. Mtu anayetukumbuka kila Ijumaa akipokea mshahara wake ameshaingia katika ratiba yetu, na majina ya watu hao mia mbili yatasomwa katika maombi ya Jumatano, kumi kumi, mpaka yaishe kisha yaanze upya.

Katika Nehemia, ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52, na sura ya tatu inaorodhesha nani alijenga wapi: mfua dhahabu, muuza manukato, mtu na binti zake, baadhi yao wakijenga sehemu inayoelekea nyumba zao wenyewe. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi mwaka huu. Wengine huiruka kwa kuwa ni majina tu. Mimi naiona kama daftari letu la bluu.

Asiye na shilingi mia ana nafasi pia, na simwambii hivyo kwa kumfariji. Tunahitaji mikono Jumamosi nne za kuyashusha mabati ya zamani, tunahitaji mtu mwenye mkokoteni, na tunahitaji watakaowapikia mafundi chakula cha mchana. Fundi mkuu amekubali kuwafundisha vijana watano wa mtaa huu kuezeka huku kazi ikiendelea. Wazazi wenye vijana waliomaliza shule na wamekaa tu, tuleteeni majina yao kabla ya mwisho wa Februari.

Kuhusu fedha: nambari ya kulipia kwa M-Pesa ni ya kanisa, imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi na husomwa kila Jumapili. Tafadhali msitume mchango kwa simu ya mtu binafsi, hata akiwa mzee wa kanisa, hata nikiwa mimi. Walio mbali waulize mshirika wanayemfahamu awapigie picha ya tangazo hilo. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mweka hazina atabandika risiti zote papo hapo mlangoni, za mabati, za misumari, hata za majani ya chai ya mafundi, na yeyote anaruhusiwa kuziuliza, awe mshirika au jirani.

Na kama ungependa kwanza kuona unachochangia, njoo Jumatano yoyote. Mlango hufunguliwa saa 11 alfajiri. Ukikuta mvua, ukae benchi la pili kushoto, hapo hapavuji. Utaulizwa jina lako liandikwe kwenye daftari.