Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, na asante kwa kukubali kufungua maonyesho yetu. Mwaka huu tumechagua urani, madini ya kutengenezea bomu la atomiki, ya mgodi wa Shinkolobwe.

Kwenye ramani ya darasani kwetu jina hilo halipo. Tumelitia wenyewe kwa kalamu nyekundu, karibu na Likasi, Katanga, kwa jirani zetu Wakongo. Mgodi huo wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ulitoa mawe yenye oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati kwingineko asilimia moja tu ilikuwa bahati.

Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, akihofia Wajerumani, alipeleka New York zaidi ya tani 1,200. Shehena ikakaa Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa Mradi wa Manhattan, mpango wa siri wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, alipofika ofisini kwa Sengier kutafuta urani, tayari ilikuwa mlangoni pao. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu lenye urani ya kilo 64 hivi liliangushwa Hiroshima. Mwaka uliofuata Sengier alitunukiwa nishani na Marekani.

Mgeni Rasmi, hapo kwenye nishani ndipo tulipokwama. Waliochimba ni Wakongo. Mawe yale waliyachambua kwa mikono, kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo, wakitenga yenye urani nyingi. Katika vitabu tulivyosoma tumekuta jina la mkurugenzi na la kanali. La mchambuaji hata mmoja hatukulikuta. Jambo hili limetuuma sana. Ukifika meza ya mwisho utaona karatasi nyeupe yenye mistari mitupu: tumeiacha wazi kwa ajili ya majina hayo.

Ombi letu ni moja. Utusaidie kupata shule ya sekondari mjini Likasi tuandikiane nayo, pamoja na kinasa sauti kimoja kwa ajili yao na kimoja kwa ajili yetu. Kule wanazungumza Kiswahili kama sisi, kwa lafudhi yao. Wajukuu wa wachimbaji wakihojiwa nyumbani kwao, tutawasikiliza huku bila mkalimani.

Tunaomba kuwasilisha.