Lisitishe hilo bango kabla ya Ijumaa

Malindi, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaesha,

Assalamu alaikum. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana, na Rukia kajifungua salama, mtoto wa kike. Hayo nitakusimulia siku nyingine. Naandika kwa haraka kwa sababu nimeliona bango la mkahawa wako wa huko Lamu kwenye stetasi ya WhatsApp: "Biriani nusu bei mwezi mzima, kuanzia Ijumaa." Tangu nilione sijatulia. Nimekupigia, simu haipatikani, nikasema basi niandike, maana jambo hili lataka hesabu.

Sahani yako ni shilingi 400. Uliniambia mwenyewe kwamba mchele, nyama, viungo, mafuta na gesi hula kama 240. Inakubakia 160, na humo ndimo mnamotoka kodi na mishahara ya wale vijana. Ukiuza 200, kila sahani inakutoa 40 kabla hujaigusa kodi. Sasa chukulia bango limefanya kazi, ukumbi umejaa, watu 100 wamekula na kushiba: umetoa 4,000 mfukoni kwa kuwalisha. Yaani ofa ikifaulu ndipo unapozidi kuumia! Hapo ndipo roho yangu ilipokatika.

Na punguzo dogo nalo si dogo kama linavyoonekana. Punguza 50 tu, ubakiwe na 110, na faida uliyoipata kwa sahani 20 utaitafuta kwa sahani 30 hivi. Hao 10 wa ziada wako wapi, mvua hii ya Mei?

Ile hoteli nilikokuwa keshia walifanya hivyo hivyo msimu wa kusi. Watu walijaa kweli. Bei iliporudi, wale wale wakawa wanasimama mlangoni wakiuliza, "Ofa yaanza tena lini?" Wakiambiwa hakuna, wanageuza. Mtu ukishamwonyesha kwamba sahani yauzika 200, ile 400 ataiona dhuluma.

Nielewe, sisemi usitoe ofa. Hapa kwetu Waitaliano walishaondoka baada ya Pasaka, na huko kwenu najua Shela imepoa. Lazima ufanye jambo. Ila toa kitu kinachokugharimu kidogo na mteja akakiona kikubwa. Ukwaju wako, Mwanaesha! Gilasi unaiuza 80, na sukari na barafu zote pamoja hazifiki 20. Anayekula biriani Jumanne au Jumatano, siku zako zile za ukame, mpe ukwaju bure. Yeye kapata cha 80, wewe umetoa 20, na bei ya biriani haijasogea.

Halafu sinia. Watu wa Lamu hula pamoja, sasa kwa nini bango lako lamwita mtu mmoja mmoja? Sinia ya watu wanne kwa 1,500, na jagi la ukwaju juu yake. Aliyekuwa aje peke yake atawatafuta wenzake watatu, na wao ndio watakaokutangazia.

Wale wa benki na walimu wanaokula mchana watengenezee kadi ya kugonga muhuri: sahani kumi, ya kumi na moja bure. Ukiigawanya ni punguzo la asilimia 9 tu, na tena hulitoi mpaka awe amesharudi mara kumi. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamlipa anayerudi. Nusu bei humlipa yeyote apitaye njia.

Na usisahau: ofa ni ya viti vitupu. Mfungo Sita ukiingia, mtaa wa Langoni ukifurika wageni wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, usipunguze hata shilingi. Siku hizo kazi yako ni chakula kisiishe na foleni isiwe ndefu. Ramadhani nayo ina yake, watu waagize futari kabla ya Alasiri, walipe kwa M-Pesa, upike kwa idadi unayoijua. Mbaazi hazitabaki.

Kwenye bango jipya andika siku, saa, na tarehe ya mwisho. Ofa isiyo na mwisho ni bei mpya. Na vijana wako wamuulize kila mteja kasikia wapi habari zenu, waandike daftarini, la sivyo hutajua kilichomleta ni sinia au ni Kassim na mashua yake. Kassim, kwa hakika, mpe sahani yake kila akuleteapo wageni kutoka Mokowe. Hilo nalo ni tangazo.

Sasa niambie: bango limeshachapishwa au liko kwenye simu tu? Kama ni simu tu, waweza kulifuta usiku huu? Mwenye nyumba kakubali kungoja kodi, au ndiye aliyekutia haraka hii? Mchana wapata watu wangapi, na ile 240 ni ya kabla ya mchele kupanda au baada? Na Bi Zuhura bado yuko jikoni? Nijibu kabla ya Alhamisi, hata kwa ujumbe wa sauti, nikuandikie maneno ya bango jipya mwenyewe.

Wako,
Saumu