Neno hilo linatuhusu hata sisi wa Uporoto

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika humu kwamba "mansplaining" ni neno la wanawake wa mijini wanaopenda kubishana, huku vijijini halina kazi. Mimi nalima viazi mviringo Kikondo, kwenye milima ya Uporoto, Mbeya Vijijini. Naomba nafasi nimjibu.

Wenye Kiingereza chao wameunganisha "mwanamume" na "kueleza", wakamlenga mwanamume anayemfundisha mwanamke jambo ambalo mwanamke huyo analijua kumzidi. Mwaka 2008 mwandishi wa Marekani, Rebecca Solnit, alisimulia jinsi mwenyeji wa sherehe moja huko Aspen alivyomweleza kwa kirefu habari za kitabu muhimu kilichotoka mwaka wa sherehe hiyo, 2003, kuhusu mpigapicha Muybridge. Mwandishi wa kitabu hicho ni Solnit mwenyewe! Rafiki yake alirudia mara tatu au nne, "Ni kitabu chake huyu," ndipo bwana yule akasikia. Na kumbe hakuwa amekisoma, alisoma uhakiki wake gazetini tu. Solnit hakulitumia neno lile. Lilizuka mitandaoni muda mfupi baadaye.

Sasa njoo kwetu. Msimu uliopita tulitembelewa na mtaalamu wa kilimo, kijana wa kiume. Wanaume waliwekewa viti mbele, sisi wanawake tunaochagua mbegu na kuitunza tukakaa nyuma kwenye majani. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema shamba la bondeni linanyauka majani yakiwa bado ya kijani, na ukikata kiazi kinatoa ute mweupe. Kijana akamkatiza: "Mama, hiyo ni baka jani, pulizeni dawa ya ukungu."

Haikuwa baka jani. Baka jani huanza kwa madoa meusi kwenye majani. Alichokieleza mama yule ni mnyauko wa bakteria, na huo hauponi kwa dawa ya kupuliza; inabidi ung'oe mmea, ubadilishe zao, na mbegu ya shamba lile usiiguse. Watu walimsikiliza kijana. Walinunua dawa, wakapuliza, kisha mbegu ileile ikauzwa kwa majirani. Leo mashamba ya juu nayo yananyauka.

Wataalamu tunawahitaji sana, na wapo maofisa wanawake wanaotukatiza vilevile. Ninachoomba kwa waandaaji wa maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, ni hiki: kwenye vipando vya viazi, yaani vishamba vya maonyesho, kina mama wanaolima wapewe kipaza sauti kwanza, mtaalamu afuate.

Mama mkulima,
Kikondo, Mbeya