Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Klabu ya Uraia, 2024/2025

Mwalimu mlezi, wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasomee taarifa hii kabla kidato cha sita hatujaingia kwenye mtihani. Shughuli za kawaida mnazijua: midahalo minne, usafi wa soko la kijiji, na ubao wa habari ulioanzishwa kwa wazo langu, ambao siku hizi umejaa matangazo ya madaftari yaliyopotea. Sitawachosha.

Kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, wenzetu tisa walikuwa wametimiza miaka 18. Waliojiandikisha ni wanne. Waliobaki walikuwa wakisubiri kadi ya mpiga kura, ilhali uchaguzi ule una orodha yake ya wakazi na hauhitaji kadi ile. Muda ulikuwa siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Nilitangaza mstarini mara tatu. Nina mashahidi.

Sasa niseme la Dodoma, maana najua ndilo lililowaleta wengi leo.

Ni kweli mkutano wa Septemba ulipitisha ziara ya Bunge. Mchango ulikuwa shilingi 40,000 kwa kila mwanachama. Hadi Januari wanachama 22 kati ya 34 walikuwa wametoa chochote, na jumla ilikuwa 428,000. Basi la kutoka huku kwetu Morogoro hadi Dodoma na kurudi tuliambiwa 1,300,000, bado malazi. Niliitisha mkutano tuamue. Akidi ni 17, wakaja 11. Nikaitisha tena, wakaja wanane, na wawili kati yao walikuwa wamefuata mpira wa wavu ulioachwa darasani. Mara ya tatu nilikuwa mimi, mhazini na katibu. Hapo ndipo tukaamua kukodi Coaster twende kwenye Baraza la Madiwani la halmashauri yetu, kikao cha robo ya pili. Wanaosema niliamua peke yangu wanakosea hesabu: tulikuwa watatu.

Naelewa uchungu. Mwenzetu mmoja alikwishamwambia bibi yake akae mbele ya runinga siku ile, amwone Spika akitaja shule yetu. Lakini tuambiane ukweli. Mgeni wa Bunge anatajwa, anasimama, anapigiwa makofi, anakaa. Sisi tulikaa nyuma ya madiwani tukamsikia diwani akiuliza boma la zahanati ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao litaezekwa lini. Mkurugenzi wa halmashauri akajibu kuwa fedha zimo kwenye bajeti ijayo. Diwani akafungua kabrasha la mwaka jana na kusoma jibu hilohilo. Ukumbi ukacheka, mkurugenzi akanywa maji. Tukasikia pia ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo halmashauri huikopesha vikundi, inavyogawanywa: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Nilipata A ya Uraia kidato cha nne na hayo yote niliyaandika kwenye mtihani. Sikuwahi kuona mtu akiyatolea jasho.

Tuliporudi niliwapeleka waliotaka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, bila gharama. Walikuja saba. Kwa sheria ndicho chombo cha juu kabisa kijijini, cha kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kinatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu kisomewe mapato na matumizi. Mara ya kwanza uliahirishwa kwa uchache wa watu, japo mgambo alipita na kipaza sauti tangu asubuhi. Mara ya pili mtendaji wa kijiji alisoma matumizi, akafika "mengineyo, 310,000". Bibi mmoja aliyekaa chini, amenyoosha miguu, akauliza: "Mengineyo ndiyo nini, mwanangu?" Mtendaji akafungua daftari lingine. Likachukua nusu saa. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hana mshahara kama mtendaji bali kachaguliwa tu na watu, alikuwa akifuta jasho. Siku ile tulimcheka. Mimi baada ya wiki mbili sikumcheka tena, kwa sababu mhazini alinikabidhi hesabu zetu.

Nazo ni hizi: Coaster 250,000, chakula 96,000, mengineyo 38,500. Zimebaki 43,500. Mtu asinisubiri ninyooshewe miguu hapa: mengineyo ni fotokopi, vocha ya kumpigia karani wa halmashauri mara sita, na chakula na soda za dereva, ambaye alikula kuliko katibu. Risiti zipo, isipokuwa ya vocha.

Waliochangia wakakataa kupanda Coaster ni watatu na wanadai warudishiwe. Sikatai. Ila waliahidi kuhudhuria mikutano mitatu na hawakuonekana hata mmoja, kwa hiyo suala lao nimeliacha kwa kamati ijayo ilitazame kwa busara.

Ada ni 3,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 13, jumla 39,000. Mmoja aliniambia atalipa akiona faida ya klabu.

Kwa mwaka ujao natarajia Dodoma itawezekana, wadau wakijitokeza, na pengine tupate fulana.

Uchaguzi wa viongozi wapya ni Jumamosi saa nane, darasa la kidato cha tano. Ibara ya 6 ya katiba yetu inasema anayedaiwa ada hapigi kura. Akidi ni 17 wenye haki ya kupiga kura, na nimewaambia waliolipa ni 13. Tukikosa wanne wengine, kwa ibara ya 11 kamati iliyopo inaendelea, yaani mimi, na mimi Mei nina mtihani. Mhazini atakaa na daftari lake bwaloni leo na kesho baada ya chakula cha jioni.