Hakimu aulize kwanza: watoto wako na nani?

Mhariri,

Mama anapofungwa hapa Kenya, mtoto wa chini ya miaka 4 anaweza kukaa naye gerezani. Sheria ya Magereza inaruhusu. Wa miaka 5, 7 au 10 hubaki nje, na huko nje ndiko mambo huharibika, kwa kuwa mara nyingi hakuna ofisi iliyoandika kwamba yupo.

Kinachokwama kwanza ni karatasi. Ombi la cheti cha kuzaliwa hudai nakala ya kitambulisho cha mzazi, nacho kimefungiwa gerezani pamoja na mali yake. Nyanya aliyeachiwa watoto hana barua ya ulezi, basi hata fomu ya basari hajui aitie sahihi kama nani. Mtoto mwenzake darasani, ambaye mama yake yuko nyumbani, hajui shida hiyo.

Kanuni za Bangkok za 2010, yaani za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake, namba 2, zinataka mama apewe nafasi ya kupanga malezi kabla ya kuingia gerezani au anapoingia, hata ikibidi kifungo kiahirishwe kidogo. Afisa wa probesheni aandike kwenye ripoti anayompa hakimu kabla ya hukumu umri wa kila mtoto, shule, na atakayewalea. Nakala imfikie afisa wa watoto siku hiyo hiyo, si baada ya majirani kumlalamikia chifu.

Na kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 ipo, inayoruhusu kazi za jamii badala ya gereza. Mama afagie soko mchana, jioni apike kwake. Baba pia, maana huyu husahaulika.

Maafisa wastaafu wa ustawi wa watoto,
Nakuru