Barua kwa mwanangu anayekwenda Namugongo kwa miguu

Bukoba, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeupata ujumbe wako kwamba umeandikishwa kwenye kundi la mahujaji, na kwamba mtaondoka hapa Bukoba tarehe 20 Mei ili mfike Namugongo, kule Uganda, tarehe 2 Juni, mkesha wa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Nimefurahi mno. Baba yako naye ameusoma mara mbili, kisha akatoka nje akakaa barazani peke yake kwa muda mrefu. Unamjua, furaha yake huwa haina maneno.

Umeniuliza jambo moja tu: "Mama, nivae nini?" Swali hilo ndilo nililopaswa kuwauliza wakubwa zangu mwaka 2009, nilipokwenda mimi kwa miguu, na sikuuliza. Nimeona nikuandikie barua kwa sababu kwenye simu tungeishia kusalimiana tu, na jambo lenyewe ni zito kuliko linavyosikika.

Safari ile nilibeba begi la kilo 11. Uzito nilikuja kuujua Mutukula, tulipopumzika nje ya duka la nafaka na mwenye duka akakubali tupime mizigo yetu kwenye mizani yake ya mahindi. Ndani mlikuwa na suruali mbili za jinzi, fulana tano za pamba, vitenge viwili, taulo kubwa la kuogea, sweta zito la kufuma na viatu vizuri vya kuvaa kwenye Misa ya tarehe 3. Kila kitu nilikuwa nimekitafutia sababu. Lakini kufikia hapo mpakani tayari nilikuwa nimeshavunjika, kwa sababu mvua ilitukuta kabla ya kufika Kyaka. Wewe umezaliwa hapa, mvua ya Bukoba ya mwezi wa tano sina haja ya kukusimulia. Jinzi ilinyonya maji ikaganda miguuni kama udongo wa kufinyangia. Mshono wa ndani ukaanza kunila mapaja, na tulipovuka daraja la Kyaka nilikuwa natembea miguu imetanuka kama mtoto aliyetoka jandoni. Usiku, kwenye darasa tulilopewa tulale, nikafungua begi na kukuta kila kitu kimelowa. Nililala na nguo mbichi kwenye sakafu ya saruji huku meno yakigongana.

Ila lililoniuma kuliko yote lilitokea mbele, Lwera. Ukishapita Masaka na Lukaya utaikuta: barabara imenyooka katikati ya bwawa la matete, upepo wa ziwa unatoka upande mmoja, jua liko utosini, na hakuna mti. Hapo nilishindwa. Nilikaa chini kando ya lami nikalia. Mzee mmoja wa kundi letu, mtu wa miaka sitini na kitu, alikuja akachukua begi langu bila kusema neno, akalitundika kifuani huku la kwake likiwa mgongoni, akatembea hivyo mpaka Kayabwe, pale kwenye mstari wa Ikweta. Nilimfuata nyuma mikono mitupu, natazama shingo yake inavyotoka jasho. Jinzi zangu ndizo alizokuwa amezibeba, mwanangu, na taulo langu.

Basi shika hili kwanza: seti mbili tu. Moja ya njiani, moja ya kulalia. Ya njiani ina ruhusa ya kulowa, kuchafuka na kunuka jasho. Ya kulalia hailowi hata mbingu zifunguke. Jioni ukifika unaoga, unavaa ile kavu, unafua ya njiani na kuianika. Asubuhi, hata kama ya njiani bado ina unyevu, unaivaa hiyo hiyo na unairudisha kavu ndani ya begi. Hapa ndipo wengi hushindwa. Saa 10 alfajiri, kuna baridi, nguo yenye unyevu inagusa mgongo, na kavu ipo pale inakutazama. Usiiguse. Ukiivaa na mvua ikanyesha, usiku huo huna nguo. Ukivaa yenye unyevu, mwili utaipasha moto ndani ya nusu saa ya kutembea, mradi iwe ya kitambaa kinachostahili.

Juzi nilichukua jinzi ya kaka yako na ile jezi yake ya mpira nikaenda nazo dukani kwa jirani. Jinzi ikiwa kavu ilipima gramu 650, jezi gramu 140. Nikazitumbukiza kwenye ndoo, nikazikamua kwa nguvu zangu zote, nikazirudisha kwenye mizani. Jinzi ilifika kilo 1 na gramu 300. Jezi ilisoma 190. Nikazianika zote barazani jioni hiyo, pasipo jua. Asubuhi jezi ilikuwa kavu kabisa, na jinzi ilikauka siku ya pili yake mchana. Pamba hunywa maji na kuyahifadhi ndani ya uzi wenyewe. Poliesta haiyanywi, maji yanakaa katikati ya nyuzi tu, ndiyo maana ukiikamua yanatoka. Pamba naipenda kwa nguo za nyumbani na za kanisani, ila kwa njia ya kilomita mia tatu na ushee, chini ya mvua na jasho, iache kabatini.

Wala usiende kwenye maduka ya wazungu wa kupanda milima. Nenda Mlango Mmoja, soko la mitumba hapo Mwanza, asubuhi marobota yanapofunguliwa, utafute fulana mbili nyembamba za michezo, za mikono mirefu. Mikono mirefu kwa sababu ya jua, maana kule mnatembea juu ya Ikweta yenyewe, na ngozi iliyoungua haivumilii mkanda wa begi. Soma lebo ya ndani. Ikiwa imekatwa, weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita kirahisi, jasho nalo litapita. Kisha kikunje kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi, ufungue. Kikibaki na makunyanzi mengi, kina pamba nyingi. Angalia na mishono ya begani na ya kwapani, ipitishie kidole gumba. Ikikukwaruza kidole leo, siku ya nne itakutoa damu. Rangi chagua inayoonekana, ya njano au ya chungwa, kwa sababu mtaanza kutembea kabla hakujapambazuka na malori ya kule hayana huruma. Juu yake vaa kizibao kama cha bodaboda, kile chenye mistari inayong'aa, ni chepesi kama karatasi. Chochote chenye madoadoa ya kijeshi, hata kofia, usikiguse. Mitumba imejaa vitu hivyo, na Uganda sheria inamkataza raia kuvivaa.

Chini vaa taiti nyeusi inayofika magotini, na juu yake sketi. Najua wasichana wa siku hizi mngependa suruali, na njiani hakuna atakayekufukuza, ila mtalala parokiani na mtaingia makanisani kila siku, na sketi inakuondolea usumbufu wa kubadili. Iwe pana, ya kitambaa chepesi, iishie chini kidogo ya goti. Sketi ya kubana inakata hatua, na hatua iliyokatwa mara elfu thelathini kwa siku inakwenda kuumiza nyonga. Kazi ya taiti ni kuzuia mapaja yasisuguane. Hata hivyo paka mafuta ya mgando kila asubuhi, mapajani, kwapani na chini ya mkanda wa sidiria, kabla hujasikia maumivu. Sidiria nayo iwe ya michezo, isiyo na waya. Chupi tatu nyepesi zinatosha kwa sababu utafua kila jioni. Na uhesabu siku zako, mama, kama zitaangukia njiani ubebe pedi za kutosha, usitegemee maduka ya njiani.

Kanga ndiyo pamba pekee ninayokuruhusu. Doti ina vipande viwili, wewe chukua kimoja. Kipande hicho kimoja ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kivuli cha kichwa pale Lwera, na ukikikunja ni mto. Kitenge ni kizito na hakikauki upesi. Najua parokia itauza vitenge vyenye picha ya Mashahidi, na utatamani, nami sitakukataza: nunua, umpe mtu wa gari la mizigo kama kundi litakuwa nalo, ukivae siku ya Misa. Kama gari halipo, kiache nyumbani. Watakatifu Karoli Lwanga na Kizito hawatakuuliza sare.

Usiku wa kule una baridi, hasa ukitoka Kyotera kuelekea Masaka. Sweta liwe la flisi, jembamba, lisilozidi gramu 300. La kufuma lilinipendeza sana mwaka ule, nalo likishalowa unakuwa umebeba kondoo. Kwa mvua tafuta koti lile la kujitupia, lisilo na mikono, linalokufunika wewe pamoja na begi mgongoni. Mwavuli siupendi njiani, upepo wa magari unaupindua na unakunyima mkono mmoja wa rozari. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, na kamba ya kidevuni.

Zamani nguo kavu tulizifunga kwenye rambo. Sasa tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku hapa kwetu, kwa hiyo nimefanya hivi: nimechukua ile nailoni nene iliyofunika godoro lako ulipokuwa mchanga, nilikuwa nimeitunza sijui kwa nini, nikampelekea fundi cherehani anishonee mfuko. Mishono nimeipaka mshumaa kwa ndani. Nimeujaza nguo nikauweka chini ya bomba kwa dakika tano. Haikuingia hata tone. Humo ndimo zitakamokaa nguo za kulalia na soksi za akiba. Mdomo wake usiufunge fundo tu, uukunje mara tatu kwanza.

Miguuni usivae kitu kipya. Raba ulizonazo kama bado nzima ndizo hizo hizo, ila ziwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba, maana mguu unavimba mchana. Soksi jozi tatu, zisiwe za pamba. Kila mkipumzika vua viatu, geuza soksi, acha vidole vipigwe upepo. Malengelenge huanza na ngozi iliyolowa. Jioni kandambili, na hizo ndizo viatu vyako vya Misa pia. Niliona watu peku siku ile pale Namugongo, na hakuna aliyewatazama vibaya.

Wewe una kilo 55. Begi lako lote, bila maji, lisivuke kilo 5. Kuanzia wiki hii lifunge kama utakavyolibeba, na kila Jumamosi tembea nalo kutoka Nyegezi hadi mjini na kurudi, ukiwa umevaa nguo zile zile za njiani, hata kama ni mvua, na hasa kama ni mvua. Kitakachokukera Jumamosi hiyo kitakutesa Kyaka.

Kuna jambo nililiwaza sana safari ile, baada ya mzee kunirudishia begi. Tarehe 26 Mei 1886 wale vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walitolewa Munyonyo wakiwa wamefungwa kamba, wakaswagwa kwenda Namugongo. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto, wamezungushiwa matete. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14. Nawe tarehe 26 utakuwa barabarani, sehemu za karibu na Masaka. Ningependa siku hiyo uwaze juu yao. Mimi siku hiyo niliwaza mapaja yangu. Nilitembea njia yote ile, nikasimama mbele ya basilika lenye nguzo 22, nguzo moja kwa kila shahidi, na sala niliyokuwa nayo ilikuwa ya kuomba viatu vivuliwe. Mungu alinipokea hivyo hivyo, naamini. Ila wewe ni mwanangu, na nakutakia ufike ukiwa na kitu kingine cha kumwambia.

Njoo na meli siku tatu kabla, usije na basi la usiku ukafika umechoka. Tutakwenda pamoja kanisa kuu tusali kwenye kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, kisha tutarudi nyumbani tupime begi kwenye mizani ya jirani, nimeshamwomba. Kitakachozidi kilo 5 kitabaki chumbani kwangu. Kanga nimekuchagulia ya bluu, nimeifua mara nne ili ilegee na kunywa maji vizuri. Sweta usinunue. La flisi nililonunua niliporudi, lile la kijani, bado zima, zipu tu ndiyo fundi amenibadilishia.

Nakubusu shavuni.

Mama yako