Shosti, usiikimbilie ile pauni 1,000

Shosti wangu,

Hongera bwana, hatimaye umeandika barua ya kuacha kazi, maana ilikuwa ntaacha ntaacha kila Krismasi. Sasa kwenye meseji yako umeuliza habari ya nafuu za kodi kwa anayeanza kujiajiri hapa Uingereza, halafu ukamalizia kwamba umesikia pauni 1,000 ya kwanza ya mapato ya biashara haikatwi kodi so utachukua hiyo yaishe. Ngoja kwanza.

Ni kweli ipo, kila mwaka wa kodi (6 Aprili mpaka 5 Aprili), na wala si ya wanaoanza peke yao. Ila ukiichukua huruhusiwi tena kutoa gharama zako halisi kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, ni moja au nyingine. Kwa mtu anayepiga kazi mbili tatu za wikendi inamfaa sana tu. Wewe unaanza na kamera, programu za kuediti za kulipia kila mwezi, bima, tovuti, mwaka wa kwanza unaweza kabisa kutumia kuliko unachoingiza, na hapo ndo kuna kitu ambacho wengi hawakiulizii.

Hasara ya miaka minne ya kwanza ya biashara inaruhusiwa kurudishwa nyuma mpaka miaka mitatu, ikapunguzwa kwenye kipato chako cha kipindi hicho hata kama kilikuwa mshahara!! Yaani sema umepata hasara ya pauni 4,000, na kwenye ajira ulikuwa unakatwa 20%, basi HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza) wanakurudishia kama pauni 800 ya kodi uliyokwisha kulipa zamani, na wanaanza na ule mwaka wa mbali zaidi. Ukichukua ile 1,000 hasara hiyo haihesabiki kabisa. Mi naona hii ndo nafuu ya maana kuliko zote kwa mtu anayetoka kwenye ajira, tena haiji yenyewe, lazima uidai kwenye ritani, yaani ile fomu ya kodi ya kila mwaka. Na iwe biashara ya kweli ya kutafuta faida, sio hobi, kwa hiyo kotesheni, invoisi, meseji za wateja, hata za waliokukatalia, tunza zote.

Halafu ile leseni ya programu uliyolipia mwaka jana kabla hujapata hata mteja mmoja, usidhani imepotea. Gharama za mpaka miaka saba kabla ya kuanza zinahesabiwa kama umezitumia siku ya kwanza ya biashara, ilimradi zilikuwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. So fukua imeili za risiti.

Kufanyia kazi nyumbani nako kuna kiwango cha gharama kilichopangwa tayari, kuanzia pauni 10 kwa mwezi ukifikisha masaa 25, mpaka 26 ukizidi masaa 100. Hela ya vocha, lakini chukua.

Kinachoumiza watu ni Januari ya kwanza. Kodi yako ikifika tuseme pauni 2,400, tarehe 31 Januari hawachukui 2,400, wanachukua 3,600, kwa sababu wanaongeza nusu ya kiasi hicho kama malipo ya awali ya mwaka unaofuata, halafu Julai 31 unatoa nusu nyingine 1,200. Wanafanya hivyo bili ikizidi pauni 1,000 na kilichokatwa kwenye mshahara hakijafika 80% ya kodi yako yote. Fungua akaunti ya pembeni, kila mteja akilipa hamishia robo huko na usiiguse hata kwa harusi ya nani.

P45, ile karatasi ya kuacha kazi inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, wakikupa kazini usiipoteze, utaihitaji kujaza mshahara wa miezi uliyofanya mwaka huu. Kujisajili HMRC kama uliyejiajiri mwisho ni 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha, una muda ila usilale.

Niorodheshee gharama zote ulizotumia mpaka sasa, na tarehe zake, unitumie kabla ya Jumapili tupige hesabu pamoja kwa simu.

Wako wa siku zote